Kabari ya Mguu wa Kushoto

2 Februari

Mdogo wangu,

Mimi mzima, na ungekuwa umeviona viatu vilivyomo kwenye boksi hili kabla ya kuisoma barua, ungesema nimezidi uzima. Vitoe kwanza. Umevitoa? Haya, endelea.

Uliniambia mtoto amepewa splinti, yale magamba ya plastiki nyeupe yanayoshika mguu kuanzia chini ya goti mpaka vidoleni, na kwamba hakuna duka lenye kiatu cha kuyameza. Ukasema muuzaji mmoja alileta viatu vya mtu mzima, Chiriku akavivaa akaonekana kama ameazima miguu ya baba yake. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Mtoto wa miaka sita, mpwa wangu mimi, fundi viatu niliyekanyaga nchi saba, akose kiatu?

Katika hizo nchi saba nimeshona viatu vya askari, vya bibi harusi, na vya mchezaji mpira mwenye vidole sita, ambaye kidole cha sita ndicho kilichokuwa kikifunga mabao. Lakini hivi, nakiri, vilinitoa jasho. Mdomo wa kiatu unafunguka mpaka vidoleni, kwa sababu splinti haijikunji kama mguu, inaingia nzima nzima kama trei kwenye oveni. Ndani hakuna mshono wa kukwaruza. Mikanda nimeiweka mipana, ili vidole vyake mwenyewe viweze kuifunga. Rangi ni nyekundu, kwa sababu ndiyo aliyoitaka, na mteja ni mfalme hata kama meno ya mbele hana.

Huo mtindio wa ubongo sijui umekaaje humo kichwani. Mimi darasa la tano nilitoka kwa hiari yangu, mwalimu akanisindikiza mpaka getini kwa furaha. Ila miguu naijua. Niandikie viatu vimemkaaje.

Kaka yako,
Fundi wa Mafundi

11 Februari

Kaka,

Viatu vimeingia. Splinti imezama ndani kama imezaliwa humo. Chiriku amekula navyo, amekwenda navyo hadi kwenye beseni la kuogea, nikamvua kwa vita.

Barua ni bora kuliko simu. Kwenye simu wewe unaongea, mimi naitikia. Barua angalau naweza kukunyamazisha kwa kuikunja.

Sasa sikiliza jambo. Pale kliniki yupo mama mmoja wa mazoezi ya viungo, Chiriku anamwita Bibi wa Mazoezi na mwenyewe amekubali. Ameniambia splinti kazi yake ni kushikilia, kunyoosha ni kazi yangu. Kwa hiyo asubuhi na jioni namlaza chali, nashika kisigino kwa kiganja, nasukuma unyayo polepole kuelekea kwake mpaka nasikia msuli wa nyuma umevutika. Natulia hapo nusu dakika. Napumzisha, narudia. Mara kumi kila mguu. Msuli umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, ndiyo maana visigino havifiki chini na anatembea kwa ncha za vidole kama anayenyapia jikoni. Leo akisimama, vidole vyangu viwili vinapita chini ya kisigino cha kushoto.

Mwanzoni mwa Septemba watampima. Kisigino kikiwa kimeshuka, anaanza shule kwa miguu yake. Kama hakijashuka, wanamfunga plasta wiki sita, na mwalimu mkuu hapokei mtoto katikati ya muhula, kwa hiyo tunasubiri mwaka mwingine. Chiriku ameshaniuliza mara ngapi sijui kama shuleni kuna kengele na nani huipiga.

Shida ni kwamba analia. Si maumivu, ni kuchoka kushikwashikwa. Baba yake ameimba, amepiga miluzi, amejifanya mbuzi. Wapi! Juzi barua yako ilikuwa kitandani, nikaanza kumsomea huku nimeshika mguu. Akatulia tuli. Kwenye kidole cha sita akacheka mpaka mguu ukalegea mkononi. Lakini barua ilitosha mguu wa kulia tu, wa kushoto ikabidi niisome tena tangu mwanzo.

Kwa hiyo andika. Andika ndefu. Uongo ruhusa.

Mdogo wako

1 Machi

Kwa Bi Chiriku, Mwenye Viatu Vyekundu,

Mama, shika mguu wa kulia. Umeshika? Naanza.

Katika nchi ya tatu kulikuwa na meya mnene ambaye kiatu chake kilikuwa kinalia kwii, kwii kila akikanyaga. Akiingia mkutanoni, wajumbe wote wanatazama juu ya dari kutafuta panya. Waliitwa mafundi kumi na mmoja. Wa kwanza akapaka mafuta. Wa pili akapaka mafuta mengi zaidi, meya akateleza, akaingia ofisini kwa tumbo.

PUMZISHA. Haya, tena.

Wa tatu mpaka wa kumi na moja siwataji, wana watoto wao, nisiwaaibishe. Ndipo akaitwa nani? Sema kwa sauti, Chiriku, mpaka baba yako huko nje asikie. Mjomba! Nikakichukua kile kiatu, nikakiweka sikioni kama simu. Nikasema, "Haloo?" Ndani kikajibu, "Kwii."

PUMZISHA. Mama asidanganye hesabu, namwona kutoka huku.

Nikafungua kisigino kwa kisu changu kidogo, taratibu kama daktari. Nikakuta nini? Nyenje! Nyenje na mke wake, wamehamia, wameweka na pazia. Nikamwambia meya, "Mheshimiwa, kiatu chako hakina ugonjwa, kina wapangaji." Akauliza wamekaa muda gani. Nikasema, "Kwa jinsi walivyonenepa, tangu uchaguzi."

BADILISHA, mguu wa kushoto. Huu ndio mkaidi, kwa hiyo sasa nasimulia polepole…

(Zinafuata kurasa nne. Meya aliamua kutembea kwa soksi kila Jumatano ili wapangaji wapumzike.)

Mjomba wako,
Daktari Bingwa wa Visigino

20 Aprili

Kaka,

Naandika nimesimama, basi la mizigo linaondoka. Viatu nimevirudisha kwako, mkanda wa kulia umekatika. Anaufungua na kuufunga mara arobaini kwa siku akiwaonyesha watu. Ushone haraka, anazunguka na splinti tupu na inateleza sakafuni.

Habari njema: shemeji yako amesimika mabomba mawili ya maji uani, yako sambamba, usawa wa kiuno cha mtoto. Wiki hii Chiriku ametembea katikati yake hatua nne. Chini ya kisigino cha kushoto kinapita kidole kimoja tu, tena kwa kubanwa. Meya tumemsoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Mdogo wako

26 Aprili

Kwa Bi Chiriku na wote wanaomhusu,

Mkanda nimeushona kwa uzi wa kushonea hema la sarakasi. Sasa utadumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Nimeng'arisha ngozi, nimebadilisha tundu za hewa, na soli ya kushoto iliyokuwa imeenda upande nimeisawazisha, sasa imelala kama meza ya hakimu. Ukikuta kasoro hata ndogo kama jicho la sisimizi, niitwe mshona magunia.

Mama, shika mguu wa kulia. Leo tunaingia nchi ya tano, ambako nilimtengenezea farasi viatu vya ngozi kwa sababu alikuwa hapendi kelele…

(Kurasa sita.)

Mjomba, asiyekosea

30 Mei

Kaka,

Nisamehe kwa ukimya. Sikuwa na la kukuandikia linalopendeza.

Chiriku amerudi nyuma. Mguu wa kushoto unalala, anakanyagia ubavu wa nje, kisigino kinaning'inia. Vidole viwili vinapita tena, na kidogo zaidi. Pale kifundo kinapogusana na plastiki pamekuwa pekundu, ngozi karibu ichubuke. Katikati ya mabomba anakwenda hatua mbili, anaanguka, anainuka, anacheka kidogo kwa ajili yangu.

Juzi Bibi wa Mazoezi alimkagua miguu mitupu mezani. Akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna siku huwa mnaruka?" Nikasema hapana. Akasema, "Ukichoka niambie, hakuna atakayekugombeza." Kaka, huo upole wake ndio ulionichoma. Sijaruka hata siku moja. Nimenyoosha nikiwa na homa. Nimenyoosha siku ya msiba wa jirani, na kanga ya kichwani nimeifunga vivyo hivyo. Nilipofika nyumbani nikaanza kujitilia shaka mwenyewe, labda nashika vibaya, labda nahesabu haraka.

Hata ile kabari aliyobandika fundi wa splinti chini ya kiatu cha kushoto mwezi wa nne, baada ya siku tatu nzima za kupima na kumtembeza, naona haijasaidia kitu. Ningemuuliza yeye, lakini yuko masomoni mpaka katikati ya Juni. Hali ikibaki hivi, Septemba ni plasta.

Chiriku ameacha kuuliza habari za kengele.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Usimsomee mtoto barua hii. Soma peke yako, ukae.

Kabari niliitoa mimi.

Viatu vilipofika nilivigeuza, nikaona chini ya kisigino cha kushoto, upande wa nje, pamebandikwa kipande cha mpira. Huku kinene, huku chembamba. Sikufikiri kliniki hata kidogo. Nilifikiri umepeleka viatu vyangu kwa fundi mwingine wa vichochoroni, akakubandikia takataka, nawe umeona haya kuniambia. Nikanuna, mtu mzima mimi. Nikakibandua kwa kisu, nikasugua soli mpaka ikawa tambarare, ukitazama kwa juu huoni tofauti, halafu nikakuandikia habari za meza ya hakimu na kujisifu juu yake. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungeonyesha kwamba nimeumia.

Barua yako niliisoma dukani, mteja amekaa mbele yangu na mguu mmoja mtupu. Nilipofika kwenye neno kabari, nilisimama nikamwacha hapo. Nina kopo la vipande, huwa situpi kitu. Kilikuwa humo. Nimekitia kwenye bahasha ndogo ndani ya boksi hili. Usikibandike wewe, wala mimi, wala mtu yeyote asiyejua. Mvue mtoto kile kiatu cha kushoto leo hii, usisubiri.

Mikono yako haina kosa, hesabu yako haina kosa. Ni kimbelembele changu. Ndani ya boksi kuna barua nyingine ya Bibi wa Mazoezi, nimemwandikia kwa herufi kubwa ili asipotee katika mwandiko wangu, kwamba dada yangu hajaruka siku hata moja, na aliyeharibu ni fundi mmoja mjuaji anayekaa mbali.

Nimejisifu maisha yangu yote na hakuna aliyeumia. Safari hii nimemwangusha Chiriku. Sina hadithi ya nchi yoyote leo.

Kaka yako

13 Juni

Kwa Fundi Viatu,

Mimi ndiye fundi wa splinti. Nimerudi kutoka masomoni nikakikuta kipande changu mezani, ndani ya bahasha. Umekibandua kwa usafi ambao sijawahi kuuona, hakuna hata uzi wa gundi uliobaki. Ndiyo maana sijui nikulaumu au nikuajiri.

Nikueleze, maana inaonekana unasikia. Mguu wa yule mtoto unajikunja kwa ndani. Kabari inamnyanyua upande wa nje milimita sita, uzito unarudi katikati, kisigino kinapata kazi. Ni sita. Nilijaribu nne, nikajaribu nane. Wewe uliona soli imepinda ukainyoosha. Mimi niliipinda ili mguu ndio unyooke.

Nami nina langu. Sikuandika chochote juu ya kiatu, wala sikumwambia mama akuambie. Mafundi wawili tumeufanyia kazi mguu mmoja bila hata kusalimiana.

Kabari mpya nimeibandika jana. Wekundu wa kifundo unapungua. Bibi wa Mazoezi aliisoma barua yako mbele ya dada yako, kwa sauti, kisha akamwomba radhi mbele ya wazazi wote waliokuwa kwenye benchi. Dada yako alilia, halafu akasema mwandiko wako ni aibu ya ukoo.

Njoo. Nina watoto kumi na wanne wenye splinti zangu wanaotembea na soksi za baba zao juu ya plastiki kwa kukosa viatu. Njoo na kisu chako, ila utaniachia mimi mlangoni mpaka tuzungumze.

Fundi wa Splinti

4 Agosti

Kwa Bi Chiriku, Mkaguzi Mkuu wa Wajomba,

Mama, shika mguu wa kulia.

Nimefika salama kwenye duka langu kutoka kwenu, na wateja wameniuliza nilikuwa wapi wiki tatu. Nimewaambia nilikuwa chuo kikuu. Wamecheka, lakini ni kweli, nilikuwa mwanafunzi na mwalimu wangu alikuwa na miaka sita na pengo.

Unakumbuka siku ya kwanza? Yule Fundi wako, mwembamba kama sindano ya kushonea, alinisalimia vizuri, akaniomba kiatu changu cha kushoto, akakipeleka nyuma. Nikadhani anataka kujifunza kwangu. Akakirudisha kimebandikwa kabari ya milimita sita, akasema, "Kivae mpaka jioni." Milimita sita! Nikamwambia huo ni unene wa biskuti. Kufikia saa nne, goti langu lilikuwa linauliza maswali. Saa sita, nyonga ikajibu. Saa tisa nilikaa chini kwenye benchi la wazazi nikamwambia, "Fundi, biskuti imenishinda." Na wewe ulicheka mpaka ukakaa chini bila kushika kitu.

PUMZISHA. Tena.

Halafu Bibi wa Mazoezi akaniita, "Mjomba, nawa mikono, njoo ushike." Nikashika kisigino chako. Nikaanza kuhesabu, na wewe ukasema, "Mjomba, unahesabu kama una basi la kuwahi." Nikahesabu upya. Mikono hii imeshika ngozi ya ng'ombe, ya mbuzi, na ya mamba mmoja ambaye sitamtaja. Lakini pale niliusikia msuli ukikataa, ukikataa, halafu ukalegea kidogo tu, kama ngozi kavu inapoanza kukubali maji. Niliacha kuongea. Mama yako ni shahidi, alimwita baba yako aje aone.

BADILISHA. Kushoto sasa, kwa heshima.

Viatu vya wenzako nimeshamaliza jozi tano, naingia ya sita. Yule rafiki yako anayetembea na kigari cha kusukuma, anayepiga kelele za ambulansi, vyake ni vya kijani. Fundi ananitumia vipimo, mimi nashona, yeye anabandika. Na ndani ya ulimi wa kila kiatu naandika kwa wino usiofutika: upande gani umenyanyuliwa, milimita ngapi, na chini yake, USIGUSE, ULIZA KWANZA. Fundi amesema hilo neno la mwisho nijichore kwenye paji la uso.

Mdogo wangu, natamani kuandika zaidi lakini kila nikishika kalamu naiwaza Septemba. Wakishampima, niandikieni siku hiyo hiyo, kama ni plasta pia niandikieni. Nitashona kiatu cha kuvaa juu ya plasta kama itabidi.

Mjomba,
mwanafunzi

9 Septemba

Kaka,

Tumetoka kliniki sasa hivi, naandikia kwenye benchi.

Bibi wa Mazoezi alimsimamisha Chiriku bila kiatu, bila splinti, bila kumshika. Akapiga magoti. Alikuwa hana karatasi mkononi, nikampa bahasha ya barua yako ya mwisho. Akaiingiza chini ya kisigino cha kulia, haikupita. Akaja wa kushoto. Akasukuma, akasukuma tena. Ikajikunja kona, haikupita.

Hakuna plasta. Splinti zinaendelea, kunyoosha kunaendelea, na Fundi anasema itakuwa hivyo miaka mingi maana anakua. Mimi sina neno, iwe. Jumatatu anaanza shule. Shemeji yako amejifanya mbuzi tena hapa hapa kwenye varanda, na safari hii watu wamecheka.

Chiriku anataka kuandika mwenyewe. Nimemwambia aseme, mimi niandike, halafu aweke sahihi yake.

*Mjomba. Barua yako nimesomewa tena jana. Nilisikiliza nimesimama. Yote. Mama alikaa kitandani kusoma na mimi nikasimama mbele yake, sikushika kitu, mpaka pale ulipoandika mwanafunzi.*

*Nimeuliza, kengele hupigwa na mtoto aliyefika mapema. Mimi nitafika mapema sana.*

*Mjomba, sasa uandike fupi. Nina shughuli.*

CHIRIKU